Mizani ya dijitali ya kupimia triga, pamoja na fundi aliyeniokoa nisizungushe skrubu bure

Kwa wale hawana muda wa kusoma yote, mizani ya Lyman ya dijitali ya kupimia uzito wa triga, yaani nguvu ambayo kidole kinahitaji kuvuta mpaka bunduki iachie, naipa nyota nne kwa tano na fundi wa Mombasa nampa tano kamili, jina lake silitaji hapa kwa sababu hajaniruhusu na biashara yenyewe ya bunduki si ya kutangaziana ovyo. Wenye muda vuteni kiti, maana nina mengi na mengine yanawahusu hata msio na mpango wa kununua mizani.

Mimi niko Malindi, huku Maweni, na nina bunduki ya Tikka T1x ya .22, ile ya risasi ndogo, ambayo naitumia kwa shabaha tu, karatasi na sahani za chuma. Najua kuna watu wakisikia bunduki ya raia wanafikiria kuwinda, jamani kuwinda Kenya kulipigwa marufuku 1977, mimi sijui hata swara anapigwa wapi. Bunduki yenyewe ni ya Finland, inatengenezwa na Sako, na Sako tangu 2000 iko mikononi mwa Beretta ya Italia, kwa hiyo yule jirani yangu Mtaliano alipoiona alifurahi utafikiri nimemletea mtu wa kwao. Malindi bwana, hata bunduki ya Finland ina Mtaliano ndani yake.

Shida yangu ilikuwa triga. Siku zingine naivuta inaachia laini kabisa, kidole hakijajua kitu risasi imeshatoka, siku zingine navuta navuta mpaka mkono unaanza kutetemeka ndo inaachia, na saa hiyo alama imeshahama zamani. Kwenye karatasi unaona matundu matatu yamekaa pamoja vizuri halafu mawili yamekimbia kulia. Nikawa nalaumu risasi, nikalaumu darubini, nikalaumu upepo wa kusi ambao kwa kweli huku hauishi lawama. Rafiki zangu wa shabaha wote jibu lao moja, "punguza uzito wa triga kaka, kuna skrubu pale chini, zungusha kidogo tu utaona." Kila mtu ana hiyo dawa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza sahii inavuta gramu ngapi.

Na hapo ndo nilipoanza kutafuta kipimo, kwa sababu wallahi mimi sizungushi skrubu ya kitu kinachotoa risasi bila kujua nimetoka wapi naenda wapi.

Kabla sijaagiza nilijaribu njia ya bei rahisi kwanza. Huku kwetu mizani za kuning'iniza zimejaa, kila mchuuzi wa samaki pale jeti anayo, zile za dijitali zenye ndoano. Nikamwendea mama mmoja nimnunulie nguru na nikamwomba nishike mizani yake kidogo nione inavyofanya, akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii mizani inapima samaki, wewe unataka kupima nini?" Nikamwambia kitu cha kilo moja hivi. Akacheka, "Kilo moja hiyo unakula na nani?" Lakini alinipa nijaribu, mama mwema. Nikavuta ndoano polepole kwa kidole nikaona shida yake, ile namba inaruka ruka halafu inasubiri mzigo utulie ndo inasimama. Triga haitulii, inaachia mara moja na mzigo unaondoka, kwa hiyo unachotaka ni kujua namba ya juu kabisa iliyofikiwa kabla haijaachia, na ile ya samaki haikuwekei hiyo. Kwa nguru ni sawa, kwa kazi hii inakudanganya.

Kuna njia nyingine ya zamani na ni halali kabisa, kutundika uzito. Kwenye mashindano ya ISSF, lile shirikisho la kimataifa la shabaha, ndo wanavyokagua, silaha inasimamishwa mtutu ukiangalia juu, uzito maalum unatundikwa kwenye triga halafu unainuliwa kutoka mezani, triga ikiachia kabla uzito haujainuka umefeli ukaguzi. Bastola ya upepo ya mita 10 lazima ibebe gramu 500, bastola ya mita 25 gramu 1,000, na bunduki ya standadi ya mita 300 gramu 1,500. Hii unaweza kuiga nyumbani kwa chupa ya maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji fundi kukuambia. Tatizo ni kwamba chupa inakujibu ndiyo au hapana tu, inabeba au haibebi. Haikuambii leo ni 1,250 na jana ilikuwa 1,500, na mimi shida yangu ilikuwa pale pale kwenye tofauti ya leo na jana.

Kuna pia za springi, RCBS wanatengeneza moja ina kidude kinachosukumwa na kubaki pale uzito ulipofika, haina betri, haina skrini, haiharibiki upesi. Kama huna haraka na macho yako yanasoma mistari midogo, hiyo inatosha sana na siwezi kukucheka. Mimi nilitaka dijitali kwa sababu moja, Lyman inakumbuka mvuto mpaka 10 na kukupa wastani wake. Inapima mpaka pauni 12, ukitaka inageuka kilo kwa kubonyeza, na ukishavuta inabakisha namba ya juu kwenye skrini. Pauni moja ni kama gramu 454, nawaambia kwa sababu Wamarekani kila kitu wanaandika kwa pauni na aunsi na utachoka kupiga hesabu.

Kuagiza sasa. Niliagiza kupitia duka moja la mtandaoni ambalo silitaji, waliniambia wiki mbili na ikawa ni hadithi nyingine kabisa, kila ukipiga simu "iko njiani bosi," njia gani hiyo isiyofika. Ikafika lakini, boksi limekunjwa pembe, mizani yenyewe nzima. Ukijumlisha usafiri na ushuru nililipa karibu mara mbili ya bei ya Marekani, kwa hiyo mjipange. Hilo si kosa la mizani na sijaikata nyota kwa hilo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipima yenyewe. Nilichukua chupa ya nusu lita, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu nikaongeza maji mpaka ikawa gramu 500 na chupa yake, nikaitundika kwa uzi kwenye kile kijiti cha Lyman. Ilisoma 500 na kitu kidogo sana juu. Nikafanya hivyo na ya kilo moja, ikakubali pia. Nimeona watu wanabishana sana kuhusu gramu tano tano, hebu kwanza hakikisheni mizani zenu haziongopi.

Sasa kuvuta. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wengi wanakosea halafu wanasema mizani mbovu. Kile kijiti kina rola ndogo kwenye ncha, unaiweka kwenye triga. Ukiiweka chini karibu na ncha ya triga unapata namba ndogo, ukiiweka juu karibu na pale triga ilipoungwa unapata namba kubwa, bunduki ni ile ile na springi ni ile ile. Ni mambo ya nyenzo tu, ukiwa mbali na egemeo unatumia nguvu kidogo. Kwa hiyo chagua mahali kidole chako kinapokaa kweli na uweke pale kila mara, mimi niliweka alama ndogo ya kalamu. Halafu vuta kwa kufuata mstari wa mtutu, usivute kwenda chini wala pembeni, na vuta polepole, ukiinyakua namba inapanda. Bunduki nayo iwe imeshikwa imara isicheze, mimi niliifunga kwenye stendi na mto wa mchanga nyuma.

Na kabla ya hayo yote, samahani nilitakiwa nianze na hili, toa magazini, fungua bolti, kile chuma cha kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho halafu ingiza kidole uhakikishe, na risasi zote ziwe chumba kingine kabisa, si kwenye meza hiyo hiyo. Mtutu uelekee mahali ambapo hata ikitoka hakuna mtu wala ukuta mwembamba. Nyumba zetu hizi za matofali ya matumbawe unaweza kudhani ni ngome, usijaribu. Na kwa .22 usipende kuifyatua tupu mara nyingi, pini ya .22 inapiga ukingo wa ganda na kwa bunduki zingine ukifyatua bila ganda inagonga mdomo wa chemba na kuuumiza, kwa hiyo weka ganda la mazoezi. Kuna watu wanatumia zile plagi ndogo za plastiki za kushikia skrubu ukutani na zinafanya kazi vizuri, nunua za rangi inayoonekana ili usizichanganye na kitu kingine.

Basi nikapima. Wastani ukatoka 1,410 hivi. Nikasema ah, si mbaya, Tikka hii kiwandani wanasema inarekebishika kati ya kilo 1 na kilo 2, niko katikati. Lakini nikaangalia namba moja moja na hapo ndo nikashtuka. Moja 1,240, inayofuata 1,580, halafu 1,330, halafu 1,610. Yaani wastani umekaa kimya pale kama mtu mzuri na chini yake kuna fujo ya karibu gramu 400. Ndo maana nawaambia hiyo kazi ya wastani ni nzuri lakini isikulaze, andika kila namba kwenye karatasi. Hili ndo langu kubwa kwa leo, triga ya 1,500 inayovuta 1,500 kila mara ni bora mara mia kuliko triga ya 900 ambayo leo 800 kesho 1,100. Kidole kinajifunza, lakini kinajifunza kitu kimoja.

Sasa fikiria ningewasikiliza wale wa "zungusha kidogo." Ningepunguza springi, wastani ungeshuka, na ile fujo ingebaki vile vile, ila sasa mwisho wake wa chini ungekuwa unakaribia kule ambako bunduki inaweza kuachia kwa kuguswa tu.

Ndo nikamtafuta fundi. Mwenye leseni lazima, na hili halina mjadala, sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inataka anayefanya biashara ya kutengeneza silaha awe amesajiliwa, na hata bunduki ya upepo sheria hiyo inaiita silaha, msidanganyane. Kuna jamaa mmoja hapa mjini si fundi bunduki, ni fundi wa mambo mengine, aliposikia aliniambia nimletee atanikatia springi mizunguko miwili na kusugua yale meno kwa msasa laini "iwe kama siagi." Nilimshukuru nikaondoka. Jamani, yale meno ya ndani, kile chuma kinachoshikilia pini isiruke mpaka uvute triga, mafundi wanakiita sia, uso wake umekaushwa kwa moto uwe mgumu na pembe yake imekatwa kwa hesabu. Ukisugua kidogo unaweza kuondoa ule ugumu wa juu na kubadilisha pembe, leo italainika kweli, baada ya muda chuma laini kitalika na siku moja itaachia wewe hujavuta. Springi ukiikata ndo kabisa, haina kurudi.

Yule wa Mombasa ni mzee, mkimya, anafanya kazi kwenye chumba chenye AC na meza iliyopangwa kama ya daktari wa meno. Safari yenyewe sitaisimulia sana, Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120 na mnajua wenyewe Mtwapa ikikushika inakushika. Bolti niliitoa nikaiweka mbali na bunduki, cheti mfukoni, na nilisimamishwa barabarani nikaonyesha karatasi, askari akasoma akanirudishia bila maneno.

Nilimpa mzee ile karatasi yangu ya namba. Akaisoma akanyamaza, akaniuliza, "Kijana wangu, hii umepima na nini?" Nikamwonyesha Lyman. Akatoa yake, ya springi, kuukuu rangi imetoka, akapima mwenyewe na namba zake zikawa zinaruka vile vile kama zangu. Hapo nilifurahi kimoyomoyo, mizani yangu imepita mtihani wa mzee. Akasema, "Skrubu hatugusi kwanza." Akafungua kitako, akaangalia kwa taa, akaniita nione. Ndani ya ile nyumba ya triga kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kimeganda kwenye kona, mafuta ya zamani yamechanganyika na mchanga mlaini na kutu kidogo ya rangi ya chungwa pembeni ya springi. Ni ile hewa yetu. Ukikaa Malindi karibu na bahari, chumvi inaingia hata kwenye saa ya ukutani, na watu wakiona kutu dawa yao ni kupulizia WD-40 mpaka idondoke, halafu ikikaa inaacha utando unaokamata vumbi.

Aliisafisha na petroli ya laita, ile ya viberiti vya kujaza, akaiacha ikauke kabisa, akapulizia hewa, na hakuweka mafuta ndani ya triga ila tone dogo sana la mafuta mepesi kwenye pini moja, alilichukua kwa ncha ya sindano. Akasema triga ikiwa kavu na safi inatosha, mafuta mengi ni ya mtutu na bolti. Akakaza skrubu za kitako kwa ile spana yenye kipimo, maana hizo nazo zikiwa hazijakazwa sawa chuma kinajipinda kidogo na triga inaweza kusugua pahali.

Akapima tena. 1,290, 1,310, 1,340, 1,300. Hakuna skrubu iliyoguswa.

Nilikaa pale nikamwangalia. Ile miezi yote watu wananiambia nizungushe, na kumbe ilikuwa uchafu. Ndo sasa akaniuliza nataka ngapi. Nikasema 1,000, akatikisa kichwa, akasema mwisho wa chini wa kiwanda haumaanishi unatakiwa uende pale, na kama unapiga ukiwa umesimama na jua la saa saba na jasho kwenye vidole, bora tuweke 1,200. Nikakubali. Akazungusha skrubu kidogo sana, robo ya robo, akafunga bolti, akafyatua kwenye ganda la mazoezi, akapima, akarudia, na hakuwa na haraka hata kidogo. Ilipotulia kwenye 1,200 na tofauti ya chini ya gramu 30 aliweka tone dogo la kyuteksi kwenye kichwa cha skrubu isijizungushe. Kyuteksi nyekundu, ya kike kabisa, nikacheka, akaniambia hiyo ukiona imepasuka ujue mtu amegusa. Tone liwe dogo na likae nje kwenye skrubu tu, lisitiririke ndani.

Na hilo la kutiririka ndani si mchezo. Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani, mwezi wa nne 2014 waliita kurudisha bunduki za Modeli 700 na Modeli Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zile zilizotengenezwa kuanzia 1 Mei 2006 mpaka 9 Aprili 2014, na sababu waliyoitoa ni gundi ya kufungia iliyozidi wakati wa kuunganisha, ikaonekana kwamba bunduki inaweza kuachia risasi bila mtu kutaka. Hicho ni kiwanda kikubwa chenye mashine na wakaguzi. Kwa hiyo wewe nyumbani na chupa yako ya gundi, punguza mkono. Na kama una Remington ya miaka hiyo umeinunua kwa mtu, tafuta namba yake uhakikishe ilirekebishwa.

Sehemu iliyonifanya nimpe nyota tano ilikuja baada ya hapo, na wengi huwa hawaifanyi. Mimi nilidhani tumemaliza, nikaanza kutoa pesa. Mzee akatoa nyundo ya mpira. Akahakikisha tena chemba tupu, akafunga bolti pini ikiwa tayari kufyatuka, sefti, kile kifungo cha usalama, ikiwa wazi, mtutu kwenye sanduku la mchanga, akaanza kugonga kitako, tap tap, halafu pembeni, halafu upande mwingine, si kwa nguvu ya kuvunja, ni kama vile bunduki imegonga mlango au imeteleza ikaangukia kitako. Haikuachia. Akafunga bolti kwa nguvu na haraka mara nyingi mfululizo, tak tak tak, kama mtu mwenye papara kwenye mashindano, pini haikufuata. Akaweka sefti, akavuta triga kwa nguvu, akaiachia, halafu akatoa sefti polepole huku anasikiliza. Hii ya mwisho ndo ya hatari sana kwa triga iliyochezewa, unavuta na sefti imefungwa, hakuna kitu, unadhani salama, halafu ukitoa sefti inalipuka. Haikulipuka. Marekani viwanda vyao vina mpaka vipimo vya kuangusha, bunduki inadondoshwa kutoka futi 4 juu ya mkeka wa mpira, sisi hatufiki huko lakini nyundo ya mpira na dakika kumi kila mtu mwenye fundi anaweza kudai.

Mkienda kwa fundi wowote na akakurudishia bunduki yenye triga laini bila kufanya hivi mbele yako, mwombe afanye, akikataa basi usimlipe.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu triga za kununua, Timney na wengine, au AccuTrigger ya Savage yenye kile kiulimi katikati ambacho usipokibonyeza triga inajifunga. Hiyo ya Savage naiheshimu sana, wazo lake ni zuri, unaweza kuwa na uzito mdogo na bado ikigongwa kile kiulimi kinashikilia. Lakini kwa Tikka sioni haja. Ya kiwandani ikiwa safi haina kasoro, na ile pesa nunua risasi.

Turudi kwa mizani, maana hii ni rivyuu ya mizani na naona nimewapeleka mbali. Mazuri nishayasema, inasoma sawa, inabakisha namba, ni nyepesi, na ukishazoea inachukua dakika chache tu. Sasa naipima kila nikisafisha bunduki na naandika kwenye kidaftari, na kidaftari hicho kimeshaniambia kitu, wakati wa mvua za masika namba zinapanda kidogo kabla sijasafisha, halafu zinarudi. Bila mizani nisingejua, ningelaumu kidole tena. Rafiki zangu sasa wanaiazima na nimegundua bunduki mbili za watu zina fujo kuliko yangu, mmoja anajisifia triga ya gramu 700 na tulipompimia moja ilitoka 520. Nimemwambia asiingie nayo renji, uwanja wa shabaha, mpaka aende kwa mzee. Amenuna, atakuja tu.

Mabaya yake. Vibonyezo ni vigumu na ukiwa na mikono ya jasho unabonyeza mara mbili inafuta kumbukumbu yote, na haikuulizi kama una uhakika. Inajizima yenyewe upesi wakati bado unaandika. Maelezo ya matumizi ni karatasi moja ya maandishi madogo na hayasemi lolote kuhusu mahali pa kuweka rola, kitu ambacho ndo muhimu kuliko vyote. Na kile kimfuko kilichokuja nayo, jamani, zipu yake ilishika kutu kabla hata ya msimu mmoja wa huku kwetu kuisha, na sehemu ya betri ikaanza kuweka ule unga wa kijani. Niliisugua na ndimu na mswaki wa zamani, ikarudi. Sahii naiweka ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, na betri naitoa kila nikimaliza.

Mwenye swali kuhusu kuipata kwa bei nafuu aulize hapo chini, ila ya fundi niulizeni faraghani na mje na vyeti vyenu, mzee hapokei mtu bila karatasi na mimi sitaki lawama.